Matuta ya Uluguru: Amri Ilishindwa, Karoti Ikaweza

Ukipita gengeni jioni hii ukanunua fungu la karoti, hebu mwulize mwenye genge zimetoka wapi. Jibu la kwanza litakuwa "sokoni", kana kwamba karoti huota chini ya meza za soko. Ukimbana atakwambia Lushoto, au Arusha, au Morogoro. Leo naomba tuziache za Lushoto na za Arusha, tuzifuate hizi za Morogoro mpaka zilikozaliwa, kwani katika njia hiyo kuna historia ambayo sisi wakazi wa Dar es Salaam hatuna budi kuijua. Tunaila kila siku katika sahani, na tunaifungua kila asubuhi katika bomba la maji, kwa zile siku ambazo bomba linatoa maji.

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unakata kushoto kuingia milimani. Barabara inapanda, inajikunja, inapanda tena, na joto la Morogoro unaliacha nyuma. Huko juu ndiko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, katika Wilaya ya Mvomero. Milima yenyewe ina vilele vinavyopita meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Kuna ukungu, kuna baridi ya kumfanya mtu wa Temeke aazime koti, na kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kuipanda kwa miguu, kuna vishamba vya kabichi, karoti, njegere, koliflawa na viazi mviringo, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama ngazi za ghorofa.

Shamba la familia huko si shamba kwa maana ya mtu wa Kilosa au wa Mbeya. Ni vipande. Kimoja kiko karibu na kijito, hicho ndicho cha kumwagilia wakati wa kiangazi. Kingine kiko juu mlimani, kinasubiri mvua. Cha tatu pengine ni cha kuazima, kwa kuwa ardhi ya Waluguru tangu zamani ni ya ukoo, na ukoo wenyewe huhesabiwa kwa upande wa mama. Mwanamume anaweza kulima maisha yake yote katika ardhi ya ukoo wa mkewe. Naomba msikilizaji aliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Chukua familia moja ya kawaida, baba, mama na watoto wanne. Saa kumi na moja alfajiri mama ameshaamka. Kabla ya kuwasha moto anachungulia kitalu cha kabichi, maana miche ikiwa michanga usiku mmoja wa konokono unatosha kuimaliza. Baba anaelekea kwenye mfereji kufungua maji, kwa zamu aliyopangiwa na majirani, na zamu ikimpita leo hana maji mpaka izunguke tena. Wenye uwezo siku hizi wana mipira inayoshusha maji kutoka kijito cha juu; wasio nao wana ndoo na kopo. Watoto wakubwa wanamwagilia kidogo kabla ya kwenda shule, na wakirudi wanapalilia.

Watu wa mjini tunadhani kulima mboga ni kazi nyepesi kwa sababu mboga yenyewe ni laini. Karoti peke yake ingetosha kutukosoa. Mbegu yake ni ndogo kiasi kwamba hapana budi ichanganywe na mchanga ili isimwagike yote mahali pamoja. Haihamishwi kama kabichi. Ikihamishwa mzizi unapinda na mnunuzi hautaki. Kwa hiyo inapandwa hapo hapo, kisha mtu anapita amepiga magoti, anang'oa miche iliyosongamana, mmoja mmoja, ili inayobaki ipate nafasi ya kunenepa. Baada ya hapo magugu. Miezi mitatu hivi toka kupanda, inachimbwa, inabebwa hadi kijitoni, inaoshwa, inatiwa kwenye gunia, na gunia linapandishwa kichwani au begani mpaka barabarani ambako gari linaweza kufika. Pikipiki za bodaboda zimepunguza adha hiyo kwa baadhi ya vijiji. Kwingine kichwa ndicho gari, na kwa kawaida ni kichwa cha mama.

Sasa turudi nyuma.

Mboga hizi zote ni wageni katika milima hiyo. Kabichi asili yake ni Ulaya. Karoti ilianzia pande za Uajemi na Afghanistan, na Wazungu wenyewe waliipokea kutoka huko. Viazi mviringo na nyanya vimetoka Amerika. Mluguru wa karne ya kumi na tisa alikuwa na mazao yake, na mboga zake zilikuwa zile ambazo hata leo hatuzihesabu kuwa kilimo: mnafu, mlenda, majani ya kunde na ya maboga. Wajerumani walipokuja na reli yao kutoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907, walikuja pia na matumbo yao. Misheni ilitaka kabichi. Ofisa alitaka viazi na karoti. Baridi ya milimani ilikubali mbegu hizo, na mwenyeji aliyeona mzungu ananunua naye akapanda. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, soko likabaki, likakua pamoja na miji.

Lakini Waingereza walikuja na wasiwasi mmoja mkubwa, nao ni wasiwasi wa udongo. Katika miaka ya 1930 mashamba makubwa katikati ya Marekani yaligeuka vumbi likapeperushwa na upepo, na maofisa wa kilimo katika makoloni yote wakaingiwa na hofu kwamba Afrika ndiyo itakayofuata. Walipoitazama Uluguru waliona watu wengi, miteremko mikali, moto wa kusafishia mashamba na mito iliyogeuka rangi ya chai kila masika. Chini tambarare kulikuwa na mashamba ya mkonge na kulikuwa na mto Ruvu, na kwenye mlango wa bahari kulikuwa na mji mkuu unaokua. Wasiwasi wao haukuwa wa bure, na tutaona baadaye kwamba mlima wenyewe ulikuja kuwaunga mkono.

Hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukashuka Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Amri zilikuwa nyingi: usichome moto, usilime kando ya mto, usilime mteremko mkali kupita kiasi. Iliyowachoma watu zaidi ni amri ya kuchimba matuta ya ngazi. Kila mwenye nguvu alitakiwa achimbe, na aliyekaidi alipelekwa barazani akatozwa faini. Watawala wa jadi, ambao serikali ilikuwa imewafanya kuwa mikono yake, ndio waliotakiwa kuwasukuma watu wao. Heshima yao iliingia shimoni pamoja na majembe.

Hebu tulitazame tuta la ngazi lilivyo. Mlima una udongo mwembamba mweusi juu, na chini yake udongo mwekundu usio na nguvu. Kuchimba ngazi ni kuukata mteremko na kuusawazisha, na katika kuusawazisha, ule mweusi unafukiwa na ule mwekundu unakuja juu. Mkulima wa mahindi upande wa mashariki, kule Matombo, alichimba kwa jasho, akapanda, na akavuna pungufu ya jirani yake ambaye hakuchimba. Angeweza kuurudishia udongo nguvu kwa samadi, lakini hakuwa na mifugo ya kutosha. Angeweza kusubiri miaka michache mpaka udongo utengemae, lakini watoto hawasubiri miaka michache kula. Na ardhi yenyewe, kama nilivyosema, mara nyingi ilikuwa ya ukoo wa mke au ya kuazima. Mtu anayechimba ngazi katika kipande cha kuazima anamjengea mwenzake nyumba.

Bwana Shamba hakuyaona haya, au aliyaona akadhani ni uvivu. Neno hilo "uvivu" limeandikwa mara nyingi mno juu ya wakulima wa nchi hii na watu ambao hawajapata kushika jembe kwa saa mbili mfululizo.

Mwaka 1955 mambo yakafikia ukomo. Umati ulikusanyika Matombo kupinga matuta, polisi wakaitwa, mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, na mtu mmoja akafa. Serikali ikadai kwamba chama cha TANU, kilichokuwa kimezaliwa Julai 1954, ndicho kilichochochea. Ni kweli kwamba wapinzani wa matuta walikiona chama hicho kuwa chao, na wengi wakajiunga. Lakini mtu hachochewi kwamba mgongo unamwuma. Haukupita muda mpango ukaachwa. Matuta ya mahindi yakabomoka moja moja, mengine kwa mvua, mengine kwa jembe la mwenyewe aliyelazimishwa kuyachimba. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha kitabu kizima juu ya ardhi na siasa za Waluguru.

Basi hapo ndipo wengi huimalizia hadithi hii: mkoloni aliamuru, wananchi wakakataa, Uhuru ukaja. Ni hadithi nzuri na ni ya kweli. Ila inaacha jambo moja bila kulieleza. Upande wa pili wa mlima huo huo, kwa Waluguru hao hao, chini ya mpango huo huo, kule Mgeta matuta ya ngazi hayakufa. Yalibaki baada ya mkoloni kuondoka na hakuna aliyewatoza faini. Yapo hata leo.

Kwa nini? Kwanza, watu wa Mgeta walikuwa na ngazi zao za kienyeji, vijituta wanavyovifanya kwa kufukia majani na magugu katika mistari ya kukata mteremko, majani yanaoza, yanakuwa mbolea. Kwa hiyo wazo halikuwa geni. Lakini sababu kubwa ni kabichi na karoti. Huwezi kumwagilia mteremko: maji yanateleza na mbegu inateleza nayo. Ukitaka mboga ya kiangazi, wakati bei ni nzuri, unahitaji mahali palipo sawa ambapo maji yatatulia. Ngazi ikawa chombo cha kazi kama jembe. Mboga ikileta fedha, fedha inanunua mbolea au samadi, samadi inaurudishia udongo ule mwekundu nguvu, na ngazi inalipa gharama yake. Mahindi hayangeweza kufanya hivyo hata kidogo. Jembe lilikuwa moja, na mlima ulikuwa mmoja. Hesabu ya nyumbani ndiyo iliyotofautiana.

Ndugu msikilizaji, nimesema mlima ulikuja kuwaunga mkono wale maofisa. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha juu ya Mgeta, zaidi ya milimita 100 katika muda usiotimia saa tatu. Mlima ukaachia. Wataalamu Paul Temple na Anders Rapp, waliofika kuchunguza, walihesabu maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000 katika eneo hilo. Karibu yote yalitokea kwenye mashamba na kwenye nyasi. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno, kwa kuwa mizizi ya miti hushona mlima. Udongo uliokuwa shamba la mtu asubuhi ulikuwa mtoni jioni. Hivyo anayesema kwamba habari ya mmomonyoko ilikuwa uzushi wa wakoloni asiende kuyasema hayo Mgeta. Ugonjwa ulikuwepo. Kilichokosewa ni kumwandikia mgonjwa dawa bila kumwuliza kama ana chakula cha kunywea dawa hiyo.

Tangu hapo serikali zimebadilika, mipango imekuja na kuondoka, na si yote iliyokuwa mibaya. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho hakiko mbali na huko, walipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway. Mbuzi hao walipokelewa vizuri, na mtu akikaa akafikiri ataona sababu: mbuzi anafugwa bandani, anakula majani yaliyootea kingo za matuta, anatoa maziwa kwa watoto na samadi kwa karoti. Hakuna aliyehitaji kupelekwa barazani ili afuge mbuzi wa namna hiyo.

Mambo mengine yalikuja kwa mkono mzito. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua, kwa ushauri wa wakopeshaji wa nje, na mkulima mdogo akaachwa anunue kwa bei ya duka. Ruzuku ilirudi baadaye kwa sura mbalimbali, ya karibuni ikiwa ile iliyotangazwa mwaka 2022, na ilipopotea kilichobaki kuwalisha udongo ni mbuzi, kwa aliyekuwa naye.

Kisha kuna mbegu, na hapa ndipo watu wa mjini hushangaa. Mama wa Mgeta akitaka mchicha au mnafu, anaacha mashina machache yazae, anakung'uta, anahifadhi, mwakani anapanda. Kabichi haimruhusu. Kabichi na karoti ni mimea inayohitaji baridi ya muda mrefu, kama ile ya Ulaya, ndipo itoe maua na mbegu. Katika nchi yetu hukua vizuri lakini kwa kawaida hazizai mbegu ya kutegemea. Kwa hiyo kila msimu familia inarudi dukani kununua kopo au pakiti iliyotoka ng'ambo. Ikiwa mbegu ni nzee, haioti. Ikiwa ni bandia, inaota kitu kingine, na mtu anajua hivyo baada ya wiki nyingi za kumwagilia. Muuzaji atasema ulimwagilia vibaya. Risiti haikutolewa, na hata ingetolewa, nauli ya kwenda kulalamika inazidi thamani ya kopo.

Wadudu nao hawana simile. Kabichi ina kiwavi wake anayetoboa majani yakawa kama chekecheke, na amezoea dawa nyingi kiasi kwamba mkulima huchanganya mbili na tatu katika bomba moja, bila kinga ya pua wala ya mikono. Nyanya zilipata pigo mwaka 2014, alipogunduliwa nchini mdudu aitwaye kitaalamu Tuta absoluta, aliyetokea Amerika ya Kusini. Wakulima walimpa jina la kikwetu, kantangaze, yaani nenda ukanitangaze. Mtu aliyeingia shambani jana akaona nyanya kijani kibichi, akaingia leo akakuta majani yameungua kama yaliyomwagiwa maji ya moto, anafahamu kwa nini jina hilo lilikubalika kutoka mkoa mmoja hadi mwingine bila tangazo la redio.

Tuseme lakini kwamba mwaka huu mambo yamekwenda sawa. Mbegu ilikuwa nzuri, mvua ilikuwa ya adabu, kiwavi alipita kwa jirani. Karoti zimeoshwa, zinang'aa. Sasa anakuja mnunuzi na gunia lake. Gunia hilo halifungwi mdomoni kama magunia mengine. Linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba mpaka linasimama kama mtu aliyebeba mtu. Ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340 ya sheria zetu, inakataza, na kila baada ya miaka michache kiongozi fulani hupiga marufuku kwa sauti kubwa. Lumbesa inanyamaza juma moja, kisha inarejea. Mkulima analijua hilo na sheria anaijua. Lakini karoti zimeshachimbwa, na karoti iliyochimbwa haina subira. Mwenye kahawa anaweza kuiweka ghalani akabishana. Mwenye mboga anabishana huku bidhaa inanyauka, na mnunuzi anaona inavyonyauka.

Pamba ilikuwa na bodi, kahawa ilikuwa na bodi, korosho ilikuwa na bodi. Mboga haikuwahi kuwa na jambo kama hilo, na sijui kama ningependa iwe nalo, kwa kuwa bodi zenyewe tunazijua. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na karoti iliendelea kuuzwa vile vile, na mtu mmoja mmoja, kando ya barabara, kwa mtu mwenye gari.

Kariakoo, mji wa mwisho wa safari hiyo kwa miaka mingi, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza vichwani. Jengo la soko lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Nimewahi kufikiri kwamba hakuna jina la soko linalofaa zaidi kuliko hilo la wapagazi, ila mzigo wa siku hizi huanza kubebwa mbali na hapo, na aliyeubeba kwanza hafiki sokoni.

Na maji, je? Mto Mgeta unateremka kutoka hiyo milima na kuingia Ruvu. Vijito vya upande wa Matombo navyo vinaingia Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kuupatia mji huu maji mwaka 1959, na wa Ruvu Chini ukafuata katika miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya maji ya bomba tunayokunywa Dar es Salaam imepita kwenye miguu ya wakulima wa Uluguru. Oktoba na Novemba 2022, mvua zilipochelewa na Ruvu ikashuka, tulipangiwa zamu ya maji mitaani, na mara wakulima wa umwagiliaji na wafugaji wakawa wa kwanza kunyooshewa kidole. Sikusikia mtu akinyooshea kidole bustani za maua za mjini, wala magari yanayooshwa kwa mpira asubuhi nzima.

Jambo moja lilijaribiwa ambalo mimi naliona la haki. Katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo, upande wa mashariki wa Uluguru, ili wachimbe matuta, wapande miti na kutunza vyanzo. Waliotakiwa kulipa ni wale wanaoyatumia maji huku chini, yaani kampuni ya maji ya Dar es Salaam na kiwanda cha soda. Tafakari msikilizaji: upande ule ule wa mlima ambako mwaka 1955 mtu alipigwa risasi kwa ajili ya matuta, wajukuu wa waliokataa wakayachimba kwa hiari, kwa sababu safari hii aliyechimba alilipwa. Malipo hayakuwa makubwa, na mpango kama huo una maisha ya wafadhili wake. Lakini kwa mara ya kwanza hesabu ya mlima ilifanywa pamoja na watu wa bondeni mezani.

Mpaka sasa hesabu nyingine bado zinafanywa kwa simu. Mama ametuma magunia matano usiku wa Alhamisi. Ijumaa asubuhi simu inalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzigo umefika?"

"Umefika mama, ila soko limejaa. Lushoto wameteremsha magari mengi usiku. Bei ya jana haipo."

"Ipo ngapi sasa?"

Kijana anataja. Mama ananyamaza. Anakumbuka kopo la mbegu, dawa mara nne, vibarua wawili wa kubeba, nauli ya kila gunia.

"Uza tu mwanangu," anasema. "Zisije zikaozea huko."

"Sawa mama. Halafu kuna ushuru, na gunia moja limechubuka kidogo, hilo tutauza kwa bei ya chini. Nitakutumia kwenye simu Jumatatu."

Mama anakata simu, anachukua jembe, anarudi kwenye kitalu. Miche ya kabichi iko tayari kuhamishwa, na ngazi ya tatu kutoka chini imebomoka kona kwa mvua ya juzi. Ataitengeneza kwanza kabla jua halijawa kali.